Mmea Usioujua Nyuma ya Nyumba: Somo la Mnanaha

Ndugu msomaji, mwanachuo akirudi nyumbani likizo huulizwa mambo mawili: ndoto niliyoota ina maana gani, na mmea huu uliojiotea hapa nyuma unaitwaje? La ndoto tuwaachie wenyewe. La mmea lina njia yake, na leo tutaifuata kwa mmea mmoja unaopenda kuota penye jalala, kando ya zizi na katikati ya mahindi.

Hakuna aliyeupanda. Una ua jeupe kama tarumbeta. Wengi hulikimbilia ua hilo, wakalipiga picha na kutafuta jina. Lakini ua ni shahidi mmoja tu, na mwanafunzi wa hadithi anajua kwamba riwaya hupimwa kwa riwaya nyingine. Abu al-Abbas an-Nabati wa Sevilla alikuwa mtu wa hadithi na mtu wa mimea kwa pamoja. Mwanafunzi wake Ibn al-Baytar, aliyefariki Damascus mwaka 1248, aliandika kitabu cha dawa na vyakula chenye maingizo yapatayo 1,400, na mara nyingi alitaja majina ya mmea mmoja kwa lugha kadhaa. Jina hubadilika ukivuka mto. Umbo la tunda halibadiliki.

Basi tuwaite mashahidi wengine. Shina: hugawanyika panda mbili, na ua hukaa peke yake pale kwenye panda. Jani: pana, kingo zake zina meno makubwa yasiyolingana, na ukilifikicha hutoa harufu mbaya. Ua: lina urefu wa sentimita 6 hadi 10, pembe tano mdomoni, nalo hufunguka jioni. Tunda: hili ndilo shahidi mkubwa. Limesimama wima, lina ukubwa wa yai dogo, limejaa miiba, na likikauka hupasuka vipande vinne. Mbegu: nyeusi, bapa, zenye umbo la figo.

Mashahidi wote wakikubaliana, huyo ni mnanaha, ambao wataalamu huuita Datura stramonium. Usiuchanganye na mbono: tunda la mbono nalo lina miiba, lakini lina vyumba vitatu, na jani lake limekaa kama kiganja. Usiuchanganye pia na ule mti wa mapambo wenye tarumbeta zinazoning'inia kuelekea chini. Tunda lake halina miiba. (Mbono na mti huo nao wana sumu, kwa hiyo kuukana mnanaha si ruhusa ya kula.)

Kwa nini tujisumbue hivi? Kwa sababu mnanaha ni wa ukoo mmoja na nyanya, biringanya na mnavu, na ukiwa mchanga, kabla ya ua na tunda, majani yake yanaweza kuchumwa pamoja na mboga. Sumu yake, atropini na skopolamini, haitegemewi kuisha kwa kuchemsha. Mwaka 2019, huko Karamoja, Uganda, watu wapatao 300 waliugua na baadhi yao wakafariki baada ya kula unga wa lishe wa msaada. Uchunguzi ulikuta humo sumu za jamii hii, zilizotokana na mbegu za magugu zilizochanganyika na mazao. Wale hawakuwa na jani wala ua la kutazama. Sisi tunavyo.

Aliyekula hukauka kinywa, mboni za macho hupanuka, ngozi huwa nyekundu na ya moto, moyo hupiga mbio, kisha huanza kuona na kusema yasiyokuwepo. Nyumbani kwetu hapo huitwa msomaji wa ruqya. Asomewe, hakuna ubaya, lakini asomewe akiwa njiani kwenda hospitali, na kipande cha mmea kibebwe.

Programu za simu kama iNaturalist zinasaidia, ila hupendekeza tu. Ukiona mashaka, kausha tawi lenye ua na tunda kati ya magazeti, andika mahali, tarehe, kimo na jina la wenyeji, ulipeleke kwa wataalamu wa mimea iliyokaushwa, kama wale wa Chuo Kikuu cha Makerere.

Wapo watakaouliza kuhusu swala ya aliyeushika. Katika madhehebu ya Shafi, mmea unaoondoa akili ni haramu kuula kwa kulewa, lakini si najisi. Nguo yako iko safi. Matumizi ya tiba ni jambo jingine: daktari wa macho hutumia atropini, na hospitali huitumia kuwatibu waliopata sumu ya dawa za wadudu.

Ung'oe kabla tunda halijapasuka, maana mbegu hukaa ardhini miaka mingi. Vaa glovu, usiguse macho, na usiutie kwenye kuni za jikoni.