Bustani ya Nyumbani Wakati wa Mgao wa Maji

Njombe na Makambako hupata msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Novemba na kwisha Aprili au Mei. Katika miezi mikavu inayofuata, mgao unapotangazwa, maji ya kunywa, kupikia na usafi hutangulia yale ya bustani. Hata hivyo, si lazima bustani ife.

Kwanza, tujue kipimo. Uniti moja ya dira ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Mteja anayemwagilia ndoo tano kila siku hutumia uniti tatu kwa siku 30. Akimwagilia siku moja na kuacha mbili, hutumia uniti moja tu.

Pili, tutunze unyevu, ili mimea istahimili siku hizo mbili. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo, bila kugusa shina lisije likaoza. Mwagilia asubuhi, polepole, penye mizizi. Anza na miche michanga. Ukoka uliokauka huweza kuchipua tena mvua zirudipo.

Tatu, tuvune mvua. Milimita 20 zikinyesha juu ya paa la mita za mraba 50 ni lita 1,000, ingawa sehemu yake hupotea njiani.

Zoezi: siku maji yanapotoka, funga bomba zote usiku, usome dira, kisha uisome tena asubuhi kabla ya kuyatumia. Tarakimu zikiwa zimesogea, kuna mvujo ndani ya uwanja wako. Uzibe kwanza, huenda unapoteza maji mengi kuliko yanayohitajiwa na bustani nzima.