Istilahi za Kiitaliano kwa Kiingereza: tafsiri kifaa, usitafsiri neno

Kwenye bomba la maji la Italia, herufi C husimama badala ya «caldo», yaani maji ya moto. Anayesoma Kiingereza akiiona anadhani ni «cold», na mkono unaungua. Anayetafsiri miongozo ya mashine ana wajibu wa kumkinga msomaji na hatari kama hiyo. Fanya hivi:

1. Ijue fani kwanza. «Vite» kwa mkulima ni mzabibu, kwa fundi ni skrubu. «Chiave» ni ufunguo au spana. «Dado» ni dadu, nati, hata kidonge cha kuungia supu. Kabla ya kushika kamusi, soma waraka mzima, tazama michoro, uelewe kila sehemu inafanya kazi gani.

2. Usidanganywe na sura. «Eventuali perdite d'olio» ni uvujaji wowote wa mafuta ukitokea, kwa hiyo andika «any oil leaks»; ukiweka «eventual» umemwambia fundi kwamba mafuta lazima yatavuja siku moja. «Attuale» ni «current», si «actual». «Silicio» ni «silicon», ile ya vifaa vya elektroniki. «Silicone» ya Kiitaliano ndiyo «silicone» ya kuzibia nyufa.

3. Thibitisha kwenye matini halisi. Tovuti ya EUR-Lex hukuwekea sheria za Umoja wa Ulaya kwa lugha hizo mbili, ubavu kwa ubavu. Kwa istilahi za mashine, anza na Agizo 2006/42/EC. IATE, hazina ya istilahi ya Umoja huo, nayo itakufaa. Kisha soma miongozo iliyoandikwa na Waingereza au Wamarekani wenyewe, na umuulize mteja soko lake liko wapi: «messa a terra» ni «earthing» Uingereza, «grounding» Marekani.

4. Hakiki namba na vipimo. Waitaliano huandika 1.500,75, kwa Kiingereza ni 1,500.75. «Quintale» ni kilo 100. CV, kipimo cha nguvu za injini, ni wati 735.5, ilhali hp ya Kiingereza ni wati 745.7. Kwa hiyo CV 100 ni takriban hp 98.6.

5. Lisilo na mwenzake, lieleze. «Geometra» hupima ardhi na pia husanifu majengo madogo. «Surveyor» peke yake halitoshi. Liache lilivyo, ulifafanue linapotokea mara ya kwanza.

6. Tunza faharasa. Istilahi moja, tafsiri moja, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Ukibadilisha jina la valvu katikati ya mwongozo, fundi atatafuta valvu ya pili isiyokuwepo.

Mwisho, mpe kazi yako fundi asiyejua Kiitaliano. Kila anapokwama, rudi kwenye mchoro kabla ya kugusa sentensi.