KERENG'ENDE MWEMBAMBA NA MTOTO WA MBU

Maji ya Mto Turkwel hutoka mbali, katika Mlima Elgon, nayo hupita Lodwar yakielekea ziwani. Huko Kakuma, Mto Tarach hujaa wakati wa mvua, kisha hukauka na kuacha vidimbwi. Katika majani ya kando ya maji ya namna hiyo hutua mdudu mwembamba kama sindano, mwenye mabawa manne. Watu humwita kereng'ende, wala hawakosei. Lakini kereng'ende ni wa namna mbili.

Yule mnene, atuapo, huyatandaza mabawa yake, na kwa kawaida macho yake makubwa hukaribia kugusana. Mwembamba huyakunja mabawa pamoja juu ya mgongo, na macho yake yamekaa mbalimbali, moja huku na moja huku. Aina moja iliyoenea sana katika Afrika wataalamu huiita Ischnura senegalensis. Dume lake lina pete ya buluu karibu na ncha ya mkia. Mkia huo, ambao watoto huuogopa, hauna sumu.

Shida iko majini. Mchota maji humwona mtoto wa kereng'ende, akadhani ni wa mbu, akamwaga mafuta ya taa kidimbwini. Hapo amemdhuru askari pamoja na mwizi. Mtoto wa mbu hana miguu. Huenda kwa kujipindapinda, na hupanda juu kuvuta hewa. Mtoto wa kereng'ende mwembamba ana miguu sita, na nyuma yake vijani vitatu vya kupumulia. Mdomo wake wa chini ni wa ajabu: hukunjwa chini ya kichwa kama mkono, naye aonapo windo huufyatua ghafula akalinasa. Watoto wa mbu ni miongoni mwa chakula chake.

Hata hivyo hawezi kuwamaliza, na chandarua kisiachwe. Tena jike hutaga mayai katika mimea ya majini, kwa hiyo pipa la nyumbani halina mlinzi. Anopheles stephensi, mbu wa Asia aletaye malaria, ambaye alipatikana Marsabit mwaka 2022, hupenda vyombo kama hivyo. Pipa na lifunikwe. Kidimbwi kinywewacho na mifugo kisitiwe mafuta.

Atakaye kujua kama kereng'ende wamo, na atazame mashina ya majani ukingoni asubuhi. Ganda tupu lililopasuka mgongoni, lingali limeshika shina, ni alama kwamba mmoja ametoka majini akaruka.