SOMO: INSHA YA KUOMBEA NAFASI KATIKA SHULE YA BIASHARA

Miongoni mwa makatibu na watunza hesabu wa vyama vya msingi wamo sasa vijana wenye shahada ya kwanza, waliosoma Moshi au penginepo, ambao wanatamani kuendelea na shahada ya uzamili ya uendeshaji wa biashara katika shule za ng'ambo. Nia hiyo ni njema, na vyama vyafaa viiunge mkono. Hata hivyo mwombaji aweza kuwa na vyeti vyote na alama za kutosha za mtihani, kisha akakosa nafasi kwa sababu insha yake haikumwonyesha ni mtu wa namna gani. Somo hili lahusu insha hiyo.

Kwanza, ni vyema kujua kinachoulizwa. Shule ya biashara ya Harvard, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1908 na kuwa ya kwanza kutoa shahada hiyo, mwaka 2024 iligawa insha yake katika sehemu tatu fupi: moja juu ya mwelekeo wa mwombaji katika biashara, ya pili juu ya uongozi, na ya tatu juu ya hamu ya kujifunza na kukua. Hakuna sehemu iliyoruhusiwa kuzidi maneno 300. Shule ya Stanford kwa miaka mingi imemtaka mwombaji aeleze ni jambo gani analolithamini kuliko yote na kwa nini, kisha aeleze sababu ya kuichagua shule hiyo. Nao ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1983 na ambao Watanzania, Wakenya na Waganda huuomba, huuliza juu ya uongozi, mahusiano na watu, masomo yaliyochaguliwa na kazi itakayofuata. Maneno yanatofautiana, lakini muulizaji ataka kujua yale yale: mtu huyu amefanya nini, alisukumwa na nini, na elimu hii ataipeleka wapi.

Kosa kubwa ni kujisifu. Mwombaji huandika: "Mimi ni kiongozi shupavu, mchapakazi, mwenye kujituma na mwenye maono. Tangu utotoni nimependa sana biashara." Katibu wa chama ajua vema kwamba mkaguzi hakubali tarakimu isiyo na stakabadhi. Hata ikiwa ni ya kweli, huizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Basi maneno "shupavu" na "mchapakazi" ni tarakimu zisizo na stakabadhi. Msomaji wa shule husoma maelfu ya insha, na karibu kila moja imeandikwa na mchapakazi.

Stakabadhi ya insha ni tukio. Na uchukuliwe mfano wa kubuni, wa katibu wa chama cha kahawa aliyeulizwa juu ya uongozi, naye akaandika hivi:

"Wanachama walianza kunong'ona kuwa mizani ya chama inakula kilo. Sikujua kama ni kweli. Nilipendekeza kwamba kila asubuhi, kabla ya kupokea kahawa, jiwe la kilo 20 liwekwe juu ya mizani mbele ya watu. Mjumbe mmoja mzee wa bodi alipinga, akisema huko ni kuwavunjia heshima waliotutangulia. Nilikwenda nyumbani kwake mara tatu. Mara ya tatu aliniuliza ni nani atakayeliweka jiwe hilo, nikamwomba aliweke yeye. Siku ya kwanza mizani ilionyesha kilo 19 na nusu. Tulisimamisha mapokezi, tukamwita mtu wa vipimo, na katika mkutano mkuu niliisoma tarakimu hiyo kwa sauti, ingawa mizani ilikuwa chini ya ofisi yangu."

Neno "kiongozi" halimo humo hata mara moja. Lakini msomaji amekwisha kuona mtu anayesikiliza minong'ono, anayemheshimu mzee bila ya kumwogopa, na asiyeficha hesabu mbaya. Ameona pia kwamba mwandishi hakujua jibu alipoanza, na jambo hilo huaminika kuliko hadithi ya mtu aliyejua yote tangu mwanzo. Mwombaji mwingine angeliacha jiwe na mzee, akaandika tu kwamba "aliboresha uwazi chamani". Angekuwa ameitupa mali na kubaki na gunia.

Kuna jambo ambalo makatibu hulisahau kwa kuwa kwao ni la kawaida. Msomaji wa ng'ambo amezoea makampuni ya hisa, ambako mwenye hisa nyingi ana kura nyingi na meneja huwaamuru walio chini yake. Yafaa aelezwe, kwa sentensi moja au mbili, kwamba chama cha msingi ni mali ya wakulima wenyewe, kila mwanachama ana kura moja, na katibu huwaongoza watu ambao wanaweza kumwuliza maswali mbele ya mkutano mzima. Kuongoza kwa namna hiyo ni kugumu kuliko kuamuru. Asiyelieleza hilo amejipunja.

Swali la kushindwa au kukosea huwatisha wengi. Wengine hukimbilia kosa la kujipamba, wakidai kosa lao ni kufanya kazi kupita kiasi. Hakuna anayedanganyika. Ikiwa magunia matatu yalipungua ghalani kwa sababu katibu alitia sahihi hati ya kupokelea bila ya kuhesabu, na aandike kuwa alitia sahihi bila ya kuhesabu, upungufu ulilipwaje, na baadaye alibadili nini. Mpaka upo, hata hivyo. Shauri ambalo bado liko mbele ya bodi au kwa Mrajis si la kuandikwa katika insha, wala siri za madeni ya wanachama, wala lawama juu ya mtu asiyekuwapo kujitetea.

Sehemu ya makusudio ndiyo dhaifu zaidi katika maombi mengi. "Kujiongezea elimu" si kusudi. Bei ya arabika duniani hufuata soko la New York, na bei ya robusta soko la London. Mkulima aliyekwisha kupokea malipo ya awali hungoja malipo ya pili bila ya kujua bei itapanda au itashuka. Katibu akiandika kwamba ataka kujifunza namna chama kinavyoweza kujikinga na mshuko huo, na namna ya kupata mkopo wa msimu bila ya kuweka rehani zao lote, hapo kusudi limeonekana. Ndipo asome kitabu cha maelezo cha shule na kutaja masomo yanayofundisha hayo. Vyama navyo huogopa kwamba aliyekwenda hatarudi. Chevening humtaka mwenye ufadhili arejee nchini kwake kwa muda usiopungua miaka miwili, na mwombaji aliyekwisha kuzungumza na bodi yake juu ya kazi atakayoirudia ataandika sehemu hiyo kwa urahisi.

Kuhusu unyofu, yapo yaliyotokea. Mwaka 2010 shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, iligundua waombaji 29 walionakili maneno ya watu wengine, na insha yenyewe ilihusu uongozi wenye maadili! Mwaka 2012 shule ya UCLA iliwakataa waombaji zaidi ya 50 kwa kosa la namna hiyo. Siku hizi wako wanaolipa mtu wa mjini awaandikie, au wanaoiachia mashine ya akili mnemba. Insha hiyo hutoka laini na haina mzee wala jiwe la mizani. Isitoshe, wanaoteuliwa Harvard huhojiwa na mtu aliyekwisha kuyasoma maombi yao, na asiyeiandika insha yake hatajua ajibu nini.

Barua za wadhamini, ambazo kwa kawaida ni mbili, ziandikwe na wadhamini wenyewe. Mwenyekiti akumbushwe matukio, si maneno ya sifa. Mwenyekiti anayetia sahihi karatasi tupu ili katibu ajaze mwenyewe, hiyo karatasi ya pili iko wapi? Jambo hili wakaguzi wamelikuta katika mambo mazito kuliko barua.

Mwisho ni kazi ya mikono. Rasimu iandikwe mapema, ilale wiki moja, kisha isomwe kwa sauti mbele ya mtu asiyejua kahawa. Anapouliza "kwa nini?", hapo pana pengo.

MASWALI YA KIKUNDI CHA MASOMO

1. Kila mmoja aandike tukio moja la chamani katika maneno 150, bila ya kutumia neno lolote la kujisifu. Wenzake waseme wameona tabia gani.

2. Katika mfano wa mizani, je, katibu angestahili kueleza pia nusu kilo zilizopotea zilifidiwaje? Kama chama hakikuweza kuzifidia, alifichе au aliandike?

3. Chama chenu kikimruhusu katibu kwenda masomoni, ni nani atakayeshika leja, na makabidhiano yatafanywa mbele ya nani?