Meno Yanashuhudia Nini?

Leo tujifunze kazi moja ya munganga wa meno ambayo wengi hatuijui. Tunajua anang'oa meno na kuyaziba. Lakini anasaidia pia juji kujua jina la mtu aliyekufa, asiyejulikana tena kwa uso.

Anafanya namna gani? Ganda jeupe la jino ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Nyama inaungua, jino linabaki. Tena vinywa vyetu havifanani: huyu amekosa jino, yule jino lake limezibwa, mwingine meno yake yamepandana. Munganga anaandika hayo yote katika fishi ya mgonjwa. Akionyeshwa maiti, analinganisha kinywa na fishi, jino kwa jino.

Ni vile ilifanyika Paris, tarehe 4 Mei 1897. Moto uliunguza Bazar de la Charité, soko la kusaidia maskini, na watu zaidi ya 100 wakafa. Wengine hawakujulikana hata kidogo. Ndipo waganga wa meno wakaitwa. Kwa njia hiyo mwili wa Duchesse d'Alençon, ndugu ya Elisabeth malkia wa Austria, ulitambuliwa. Mwaka 1898 Oscar Amoëdo, munganga wa meno kutoka Kuba, alitoa kitabu juu ya kazi hii.

Lakini iko neno lingine, tusilichanganye na lile: alama ya meno juu ya ngozi ya mtu aliyeumwa. Ngozi inavutika, inavimba, haishiki alama sawasawa. Huko Arizona, Marekani, Ray Krone alihukumiwa kufa mwaka 1992, sababu mtaalamu alisema alama juu ya maiti ilikuwa ya meno yake. Mwaka 2002 uchunguzi wa ADN ulionyesha mtu mwingine, naye akafunguliwa. Zaidi ya miaka 10 gerezani bure!

Kosa halikuwa la meno. Mtaalamu alisema zaidi ya yale aliyoweza kujua. Amri ya tisa inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Na sisi, kitu kikipotea bwenini, tunasema upesi: "Ni fulani tu!" Tujiulize kwanza: nimeona, ao nimewaza tu?

Maswali ya kujibu:
1. Sababu gani fishi ya munganga ni ya lazima?
2. Kinywa cha maiti na alama juu ya ngozi: ushuhuda gani una nguvu, na kwa nini?