Mgonjwa Anapozimia Kwenye Kiti cha Meno



Ndugu zangu wanafunzi, somo la leo nililipata kwa kosa langu mwenyewe. Ilikuwa Ramadhani, nikifanya mazoezi ya kung'oa meno katika kituo kimoja cha afya upande wa Mwakiro. Akaja kijana mwenye nguvu zake, mbeba abiria kwa baiskeli. "Ng'oa tu, kaka, mimi siogopi." Nikachukua sindano ya ganzi bila kumuuliza lolote.

Ganzi haijashika, akapiga miayo mara mbili. Jasho likamtoka usoni, midomo ikapauka, akasema anaona kiza. Kisha shingo ikalegea. Mwenzangu akakimbilia maji ampe mdomoni. Ndugu aliyemsindikiza akasema ni jini, akataka kumwinua akae. Mwalimu wetu akatamka maneno mawili tu: "Mlazeni chali!" Tukashusha kiti, tukainua miguu. Haikupita dakika, kijana akafumbua macho.

Kwa nini alizimia?

Hofu, maumivu, au kuona tu sindano na damu huweza kuufanya moyo upunguze mapigo na mishipa itanuke. Damu hubaki miguuni, ubongo ukakosa ya kutosha. Kwa hiyo kumlaza ndiyo dawa yenyewe, na kumkalisha ni kumzidishia. Maji nayo ni hatari: aliyezimia hawezi kumeza vizuri, yanaweza kuingia mapafuni.

Ukiona dalili, fanya haya:

1. Acha kazi. Toa vyombo, pamba na kila kilichomo mdomoni.
2. Mlaze chali, miguu juu kuliko moyo. Mjamzito mlaze kwa ubavu wa kushoto.
3. Legeza nguo shingoni. Kama ni dada mwenye hijabu, ilegeze kwa kumsitiri.
4. Inua kidevu ili njia ya hewa iwe wazi, kisha tazama kama anapumua na pima mapigo.
5. Akizinduka, asiinuke haraka, wala asiondoke peke yake.

Mtu aliyezimia kwa hofu huzinduka upesi akilazwa. Zikipita dakika mbili bado, ita msaada na pima sukari. Akivimba uso, akitoka vipele mwili mzima na kukoroma kifuani, huo ni mzio mkali: mtu mzima huchomwa adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja. Asipopumua, anza kubonyeza kifua mara 30 kwa pumzi 2, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Kinga ni maswali matatu

Umekula leo? Umewahi kuzimia? Unatumia dawa gani? Kisha mlaze kabla ya sindano, usiipitishe mbele ya macho yake, na sukuma dawa polepole. Usidanganywe na ujasiri wa maneno: vijana wa kiume ndio huzimia sana kitini.

Yule kijana alikuwa amefunga, tena alinyonga baiskeli tangu alfajiri. Tulipompa chai ya sukari akakataa, akisema hataki kuharibu saumu. Mwalimu akamkumbusha kwa upole kwamba Mwenyezi Mungu, katika Suratul Baqara aya ya 185, amemruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine. Akanywa. Jino tulilitoa baada ya Idi, akiwa ameshiba na amelazwa tangu mwanzo. Hakuzimia.

Ndugu zangu, jino lile lingeweza kungoja. Swali moja, "Umefunga?", lingetosha kunionyesha hivyo. Mgonjwa anapofungua kinywa mbele yako amekupa amana. Iulizie hali yake kabla hujaigusa.

Wabillahi tawfiq.