SOMO LA KIKUNDI: MGENI ALIYESHUKA 46



Wengi wenu mna mtoto, dada au mpwa aliyekwenda Nairobi kutafuta maisha, na si ajabu yuko Kawangware. Kwa hivyo somo la leo, ingawa mfano wake ni wa mjini, linawahusu pia nyinyi mnaolisomea chini ya mti kule Vihiga au ndani ya kanisa kule Murang'a. Tunaongea juu ya kuvumiliana na mtu usiyemjua.

Kwanza tupajue mahali penyewe. 46 ni nambari ya gari. Ni laini inayotoka katikati ya jiji, inapita Hurlingham na Valley Arcade, na mwisho wake ni Kawangware. Kwa vile gari huishia pale, watu wakazoea kupaita Kawangware 46. Pale steji kuna mama mboga, fundi wa viatu, wauza mitumba, vijana wa boda boda na makanga wanaoita abiria. Asubuhi na mapema utaona watu wengi sana wakitoka kwa miguu kuelekea Lavington na Kileleshwa kutafuta kibarua, wanaume kazi ya mjengo, kina mama kazi ya kufua. Hao kina mama fua huketi kando ya barabara wakingoja mtu asiyewajua asimame awaite. Hebu fikirini hapo kidogo. Yule mama anaingia nyumba ya mtu asiyemjua, na mwenye nyumba naye anamwachia mtu asiyemjua nguo zake. Wote wawili wana hofu. Bila subira kidogo, mmoja analala njaa na mwingine analala na nguo chafu.

Sasa tuseme binti yenu ameshuka pale 46 kwa mara ya kwanza. Amesafiri usiku kucha na basi, ana gunia la mahindi na kuku ndani ya kikapu, simu imezima. Anauliza njia ya kwenda Gatina. Anaongea pole pole, kwa lafudhi ya nyumbani. Mmoja anacheka vile anavyotamka. Mwingine anasema, "Songa mathe, unaziba njia." Makanga anamdai nauli zaidi ya ile aliyoambiwa, kwa sababu mvua imenyesha, na Nairobi mvua ikinyesha nauli hupanda. Binti anaona watu wa Nairobi hawana utu.

Lakini tumwangalie makanga pia, maana kuelewa ni kwa pande zote mbili. Kwa kawaida mwenye gari humtaka dereva na kondakta wake wapeleke kiasi fulani cha pesa kila jioni, gari lijae lisijae. Mafuta ni juu yao. Kinachobaki ndicho mshahara wao. Dakika tatu za kubishana juu ya shilingi ishirini, kwake ni abiria wanne waliopanda gari la mwenzake. Hii haimpi ruhusa ya kumtukana mtu. Ila ukijua hesabu yake, utamlipa au utakataa kupanda bila kumwita mwizi.

Na hilo neno "mwizi" ndilo linalonifanya niandike somo hili. Huku kwetu, mjini na vijijini, neno hilo moja likipigwa kelele linaweza kumwua mtu kabla hajaulizwa jina. Watu wanakuja mbio, hakuna anayejua kilichotokea, na kila mmoja ana jiwe. Mara nyingi anayeumia ni mgeni, kwa sababu mwenyeji atapata hata mtu mmoja wa kusema "huyu namjua, ni mtoto wa fulani." Mgeni hana. Sheria ya Kenya inamruhusu raia kumkamata mtu anayemwona akifanya kosa kubwa, lakini ni lazima amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kumpiga na kumchoma hakumo popote katika sheria. Anayefanya hivyo anaweza kushtakiwa kwa kuua, hata kama marehemu aliiba kweli.

Chukueni mfano mwingine, wa simu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kila mmoja wetu anaweza kutuma pesa kwa mtu asiyemjua kwa kukosea tarakimu moja tu. Mweka hazina wa kikundi ametuma shilingi elfu mbili, akakosea. Anampigia aliyepokea, na neno la kwanza ni "Wee mwizi, rudisha pesa zetu!" Yule anakata simu. Je, ni mwizi? Pengine ndiyo. Lakini pengine alikuwa na deni la Fuliza, ule mkopo ulioanza mwaka 2019, na pesa zilipoingia tu zikakatwa kulipa deni. Hajazigusa. Ameona ujumbe tu, na sasa anatukanwa. Njia nzuri ni hii: tuma haraka ule ujumbe wa M-Pesa kwa nambari 456 ili kuomba zirudishwe, halafu mpigie kwa heshima. "Samahani ndugu yangu, nimekosea nambari. Naomba unisaidie." Kama zimekatwa, mnaweza kupatana alipe kidogo kidogo. Nawe uliyepokea, usirushe pesa mbio mbio kwa kuogopa kelele, maana matapeli nao hutumia ujanja huo huo. Angalia kwanza salio lako kama pesa ziliingia kweli, kisha mwambie mwenzako aombe zirudishwe kwa njia ya kampuni. Kuvumilia si kuwa mjinga.

Kuna watakaosema haya ni mambo madogo. Mimi sioni hivyo. Tarehe 27 Oktoba 2017, siku moja baada ya uchaguzi wa urais kurudiwa, vita vya kikabila vilizuka Kawangware 46. Nyumba na maduka yalichomwa moto. Miaka kumi kabla ya hapo, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kibera nayo iliwaka, na soko la Toi likateketea. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchi nzima. Waliopigana siasa iliwachochea, ndiyo, na wako waliolipwa. Lakini mitaani ni watu waliokuwa wakinunuliana sukuma wiki, wakitumia choo kimoja na bomba moja ndani ya ploti moja, na bado hawakujuana. Mtu anaishi ukuta wa mabati na jirani miaka mitano, anajua redio yake, anajua kikohozi chake, jina hajui. Uvumi ukija usiku, ni rahisi sana kuamini ubaya juu ya mtu ambaye hujawahi hata kumuuliza anatoka wapi.

Tena nani hasa ni mgeni? Kibera walianza kukaa Wanubi, wazao wa askari waliotoka Sudan wakatumikia jeshi la Waingereza. Wao ndio waliopaita Kibra, yaani msitu. Wakapokea kila aliyekuja baadaye, lakini wao wenyewe wakaendelea kuitwa wageni zaidi ya miaka mia moja, hadi mwaka 2017 walipopewa hati ya ekari 288. Mwenyeji kwa wengi, mgeni kwa karatasi!

Basi katika mkutano wenu ujao, kabla ya kukusanya mchango, mjadiliane kidogo. Katika kijiji chenu mgeni ni nani: mke aliyeolewa kutoka mbali, mwalimu mpya, mchunga ng'ombe wa kuajiriwa, mtu wa kanisa lingine? Anapokuja kwenye bomba au kwenye posho mill, mnamwambia nini kwanza? Na wale mnaotuma watoto Nairobi, mmewapa nini cha kuwasaidia? Nambari ya jamaa iandikwe kwenye karatasi, isikae ndani ya simu peke yake, na wapatane mahali pa kukutana kabla ya safari.

Halafu fanyeni zoezi. Mmoja awe mgeni amebeba mzigo mgeni nao, wa pili adai amepotelewa na kuku wake, wengine wawe watu waliosikia kelele. Wachezeni mara mbili: mara ya kwanza kila mtu aseme linalomjia mdomoni, mara ya pili asiruhusiwe yeyote kusema neno mpaka mgeni ameulizwa maswali matatu na ameyajibu. Mkimaliza, mwulizeni aliyecheza mgeni alisikia vipi kila mara, na katibu aandike jibu lake katika daftari la kikundi.